Nilivyoondoka Kabla ya Kunyolewa

Watu wakisikia kwamba nilizunguka Ziwa Viktoria peke yangu kwa baiskeli, huniuliza juu ya mipaka, mvua na viboko. Nawajibu. Lakini siku tatu za kwanza huwa sizitaji, kwa sababu siku hizo sikuwa nikisafiri. Nilikuwa nikikimbia; ziwa lenyewe nilikuja kulizunguka baadaye.

Tulimzika mama watoto Jumamosi, nyumbani kwetu upande wa Saboti. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa nyumba hukaa chini wakanyolewa nywele. Kabla wembe haujagusa kichwa chochote, yule aliyekuwa na marehemu husimama mbele ya wote akaeleza ugonjwa ulianza vipi, nani aliambiwa na alifanya nini. Hakuna anayekusemea.

Nilichokuwa nacho cha kusema ni hiki. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu aliniomba nimpeleke hospitali Kitale. Nilikuwa nimeketi nje, nimefungua gurudumu la nyuma la baiskeli, nabadilisha spoki kwa ajili ya safari yangu. Ningeweza kumwita mtu wa pikipiki. Nikamwambia, "Ngoja nimalize hapa, nitakupeleka mwenyewe." Akasema sawa, akarudi ndani. Nilipomaliza, jua lilikuwa la saa sita na yeye hakuweza tena kusema. Alikufa jioni hiyo.

Kwa hiyo Jumapili, kulipoanza kupambazuka, wageni wakiwa bado wamelala chini ya turubai, nilifunga blanketi, sufuria na pampu kwenye keria nikaondoka. Safari yenyewe nilikuwa nimeipanga tangu mwaka uliotangulia. Yeye alikuwa akiicheka. "Ukifia huko njiani, nitakuja kukubeba na nini? Baiskeli si utakuwa umeenda nayo?"

Kitale nilipita maduka yakiwa yamefungwa. Kiminini watu walikuwa wakienda kanisani, watoto wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Siku hiyo sikulia. Nilifikiria cheni na breki, na jinsi gurudumu la nyuma lilivyozunguka vizuri, bila kuyumba hata kidogo. Sijawahi kufunga spoki vizuri kama zile. Nililala kwenye gesti ya bei nafuu Kimilili, na asubuhi nikamwita mke wangu aniwekee maji ya kunawa. Nilimwita mara mbili.

Jumatatu adhuhuri niliingia Bungoma. Vijana wa bodaboda kwenye stendi waliona mzigo wangu.

"Mzee, umebeba nyumba yote! Ama bibi amekufukuza?"

"Ati amefukuzwa na sufuria! Huyo mama ana roho safi, bana, amekuachia sufuria."

Walicheka. Nami nikasema, "Naenda matanga."

Kicheko kilikatika palepale. Mmoja alivua kofia. Mwingine alisogeza pikipiki yake nipite. "Pole sana, mzee. Pole." Huo ulikuwa uongo, na ulinifaa, kwa hiyo nikaubeba. Nilipoomba maji njiani nilisema naenda matanga. Nilipoomba kivuli nilisema hivyo hivyo. Kila mtu alinipa pole, na kila pole niliipokea kama mtu anayepokea kitu cha wizi.

Jioni nilifika Myanga. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na soko, mtu mzima kunizidi, alinitazama nikinywa kikombe cha pili.

"Baba, unaelekea wapi na giza hili linakuja?"

"Matanga, mama."

"Pole. Ni nani amekuacha?"

"Mama watoto."

Akaweka birika chini. "Uwi! Na anazikwa lini?"

Kuna maswali ambayo uongo hauna mahali pa kusimama mbele yake. "Tulimzika Jumamosi," nikasema.

Alihesabu kwa vidole, taratibu. "Jumamosi. Na leo ni Jumatatu. Si matanga yako nyuma huko? Sasa wewe unaenda wapi?"

Nikamweleza yote, spoki na lile neno ngoja. Hakunifariji. Alinipa ugali na mboga, akaniambia nilale jikoni kwake. Nilimwomba aninyoe yeye, kwa vile alikuwa ameniambia kwamba naye ni mjane na anajua mambo hayo.

"Nikunyoe mimi? Mimi nilimjua mke wako?" Alikuwa amekasirika kidogo. "Kesho ndiyo siku yenu. Amka mapema. Kule ni kupanda tu."

Ni kweli, ni kupanda tu. Barabara niliyoiteremka kwa siku mbili niliipanda kwa siku moja, mahali pengine nikisukuma. Chwele nililia kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walinipisha njia bila kuuliza. Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Walikuwa wameketi uani, hawajanyolewa. Wembe ulikuwa juu ya kigoda, na maji kwenye karai yalikuwa yameingia vumbi.

Hakuna aliyenisalimu. Nililaza baiskeli chini nikasimama katikati yao. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hakai karibu naye, kwa hiyo mama yake marehemu alikuwa ameketi kando, amenipa mgongo, shuka kichwani. Niliuambia ule mgongo. Nilisema siku mbili za kichwa kuuma, nikasema asubuhi ile, gurudumu, pikipiki ambayo sikuiita, na nilivyomjibu. Wanangu walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza. Binti yangu mkubwa aliinuka akaingia ndani.

Kisha mgongo ukasema, bila kugeuka, "Alinipigia simu asubuhi hiyo. Alisema unamalizia baiskeli, halafu mtaenda."

Alikuwa amejua muda wote. Alijua siku ya mazishi, alijua Jumapili alipoambiwa kwamba sionekani.

"Mnyoeni," akasema. "Jua linazama."

Shemeji yangu alimwaga maji yale yenye vumbi, akaleta mengine. Mama mkwe hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Niliinamisha kichwa.