Barua Isiyo na Tusi

Mama yangu ni Mmakua wa Lulindi, na rafiki yake mkubwa alikuwa nesi wa Kizungu aliyefanya naye kazi katika hospitali ya misheni. Nesi huyo alianzia Newala, Kiswahili chake alikipata kwa Wamakonde, basi Mama akamhesabu Mmakonde na kumfanya mtani. Hata aliporudi kwao Uingereza, barua zake zilianza na tusi. "Wewe mla panya, hujafa tu?" Mama naye alimuuliza kama ameshaoga mwaka huu, au bado anasubiri yale maji adimu ya Newala. Baada ya hapo ndipo walipoulizana habari za watoto.

Biashara huria ilipotuletea kila kitu, kuanzia mitumba hadi wanunuzi wa korosho wenye mizani yao, ilileta pia chumba cha intaneti Masasi mjini, nami nikapata kazi humo. Barua za wale wawili zikahamia kwenye kompyuta. Nilichapa matusi ya Mama, nikapokea ya mwenzake, na kila Jumamosi nikampelekea karatasi Lulindi. Ndiyo kazi niliyosomeshewa.

Siku moja ilikuja barua pepe ya Kiingereza, kutoka anwani yake ileile. Ilisema yuko safarini, ameporwa mkoba, hoteli inamdai; atumiwe fedha haraka kwa jina la mtu fulani, na tusimwambie yeyote. Nilitilia shaka. Mtu mwenye ndugu Uingereza, kwa nini aombe hela Lulindi? Lakini barua ilikuwa ya Mama, nikamsomea.

"Wale mbuzi wawili tuuze," alisema.

"Mama, hawa ni matapeli. Wameingia kwenye anwani yake."

"Alikesha nami nilipokuwa nakuzaa wewe. Leo kapata shida, wewe unamkagua?"

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikamwomba jambo moja tu kabla mbuzi hawajatoka: amtukane kwanza. Alinitazama kwa hasira, kisha akaniambia niandike kwa Kiingereza hichohicho: wezi wamekuibia nini wewe, na hata sabuni huna?

Jibu lilikuja upesi. Lilisikitika kama barua ya kwanza imemkwaza, likamwita mpendwa, likarudia jina la yule wa kutumiwa fedha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuwafungua mbuzi wakale.

"Huyu si yeye," alisema. "Yule hawezi kuniomba radhi mimi."

Nilimpelekea askari jirani yetu ile karatasi. Akauliza wameiba nini. Nikasema bado. "Basi wakishaiba, uje," akasema, akarudia chai yake. Nikatoa taarifa kwa wenye huduma ile ya barua pepe, nikamwandikia nesi kwa posta kwamba jina lake linatumika kuibia watu, na kwamba nusura limle Mama mbuzi wawili. Mama naye hakukaa kimya. Jumapili, baada ya ibada, alisimama akawaambia wote waliomjua nesi: barua ya jina lake ikija haina utani, halafu inaomba, huyo mwizi. "Mwizi lazima aombe kitu," alisema, na maneno hayo yakafika hadi Chiwata.

Posta ikaleta jibu. "Mla panya, ulitaka kuuza mbuzi kwa ajili yangu? Halafu wewe ungekula nini, zaidi ya panya?" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka michache ikapita. Ikaja tena barua ya Kiingereza kutoka anwani ile, na aliyeandika alijitambulisha kuwa mpwa wake. Sikungoja Jumamosi. Nilimkuta Mama uani anapepeta mtama, nikamwamkia, nikamwambia mpwa wa nesi anasema shangazi yake aliugua, na sasa amefariki.

Hakuinua kichwa. "Ina utani?"

"Haina, Mama."

"Basi ni walewale. Katoe taarifa."

Akaendelea kupepeta. Kisha ungo ukatulia mikononi mwake.

"Wanaomba nini?"

Niliisoma tena hadi mwisho, ingawa nilishajua. Nilitamani kuona jina la mtu wa kutumiwa fedha.

"Hawaombi kitu, Mama."