Mpira wa Maji na Kanzu Nyeupe

Ipo siku moja ya baridi, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapofungua boneti la gari lenye turbo. Na leo umekuja na la kwako hapa gereji kwangu Korogwe, umeegemea bampa, umeshika simu yenye video ya kijana wa nchi za mbali anayehamisha mipira ya maji, unaniambia, "Baba mdogo, nifanyie kama hivi, kazi yenyewe ndogo tu." Weka simu mfukoni kwanza. Kaa hapo kwenye tairi. Mimi siongei na mtu aliyesimama kama askari wa zamu.

Unachotaka nakijua. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye throto, ule mlango wa kupitishia hewa, kisha yanarudi. Wewe unataka yasipite pale. Mpira uunganishwe na mpira, throto ibaki ya baridi, hewa iingie ya baridi, gari likimbie zaidi. Nimekosea? Sijakosea. Maneno hayo hayo aliniambia baba yako Shabani kabla hujazaliwa, tena kwa macho hayo hayo unayonitolea sasa.

Wakati huo nilikuwa kijana, najifunza kazi kwa Fundi Mhina, Mungu amrehemu. Mzee yule alikuwa na desturi moja iliyotuchosha. Gari likiingia, hata kama limeletwa kubadilishwa plagi tu, kabla hajashika spana atamuuliza mwenyewe: "Linalala wapi, na nyuma anakaa nani?" Hapa kwetu gari linaweza kuamka Handeni kwenye jua kali, mchana likawa mlimani kwenye ukungu, na yeye gari la bonde na gari la mlima hakuyafunga sawa. Sisi vijana tulimcheka pembeni, tukampa jina la Karani wa Sensa.

Siku baba yako alipoleta gari lake, Fundi Mhina alikuwa shambani kwake Mnyuzi anavuna mahindi. Gari lenyewe, we acha tu! Jekundu, otomatiki, lina turbo, Handeni walilijua kwa sauti kabla hawajaliona. Na Shabani alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Sasa mtu kama huyo utamuulizaje gari lako linalala wapi? Niliona nitakuwa najishaua. Nilijua linalala Handeni. Nilijua pia, na hapa ndipo moyo unaponiuma, kwamba amemposa mama yako Zaina, binti wa kule mlimani Vugiri. Pilau la posa nililila na nikaongeza! Nilijua yote hayo na sikuuliza. Nikauzungusha mpira, nikakaza klipu, tukatoka kulijaribu barabara ya Handeni. Lilikimbia, sikudanganyi. Tulipiga kelele kama wendawazimu.

Ngoja nikueleze nilichokuwa sikijui. Kwenye throto ya gari lile kulikuwa na kidude kinachosubiri joto la maji. Injini ikiwa ya baridi, kinaachia hewa ya ziada ili isizime, na sailensa inakuwa juu, yaani injini inazunguka kwa nguvu hata kama hujakanyaga mafuta. Maji yakipata moto, kidude kinabana na sailensa inashuka. Mimi nilikuwa nimekinyima maji. Huku bondeni joto la chini ya boneti peke yake lilitosha kukibana, gari likatulia, nami nikajiona bingwa.

Siku ya harusi tukapanda Vugiri. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu umefunika mashamba ya chai, hata shehe alikuwa anapuliza viganja. Ndoa ikafungwa salama. Gari lilikuwa limepoa uani muda wote ule, na lilipowashwa likaunguruma, likaendelea kuunguruma. Akina mama wanamtoa bibi harusi kwa vigelegele, gari nalo halishuki sauti. Watu wakashangilia. Baba yako akanikonyeza.

"Unamsikia mnyama, Rashidi?"

Nilimsikia vizuri sana. Injini imeshapata moto na sailensa iko palepale juu. Nikaelewa kwamba ni ule mpira wangu. Ningefungua boneti nikarudisha maji kwenye njia yake, tungechelewa kidogo tu. Lakini nilikuwa mpambe wa bwana harusi, nimevaa kanzu mpya, nyeupe pe, na mpiga picha ananizunguka. Nikajiambia, nitarekebisha tukifika Korogwe. Kanzu, mwanangu! Kwa ajili ya kanzu!

Baba yako aliendesha mwenyewe. Mimi mbele, nyuma mama yako na bibi yake, Bi Mwantumu, kungwi aliyekuwa anamsindikiza kwa mume. Mteremko ule unaujua. Gari la otomatiki lenye sailensa juu linajisukuma lenyewe, na baba yako akawa analizuia kwa breki kona baada ya kona. Nikanusa breki zinaungua. Nafungua mdomo nimwambie ashushe gea, yeye tayari kakanyaga pedali ikazama mpaka chini.

"Rashidi, hazishiki!"

Akalibamiza kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima. Angeenda upande wa pili usingekuwa umekaa kwenye tairi langu leo.

Mama yako alichubuka. Sisi wa mbele tulitoka wazima. Bi Mwantumu alivunjika nyonga. Nikaivua ile kanzu nikamfunga nayo, tukamlaza kwenye pikapu iliyokuwa imebeba majani ya chai. Njia nzima hadi hospitali hakulia. Yeye ndiye aliyekuwa anambembeleza mama yako.

Fundi Mhina alinishika mkono tukaenda kuomba radhi. Nikasema yote, mpira, kidude, mpaka kanzu. Bibi akasikiliza akiwa amelala chali.

"Shabani alikuambia anataka nini?"

"Kasi, bibi."

"Na gari ulilisikiliza?"

"Nililisikiliza."

"Na mimi niliyekaa nyuma, mjukuu wangu, uliniuliza lini?"

Nililia mbele za watu, mwanamume mzima. Akanisamehe. Akaniambia ninyamaze, nitamloweshea kitanda. Lakini nyonga haikupona sawasawa, na hakushuka tena mlima ule. Wewe unamkumbuka na mkongojo wake, ukadhani ni uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa ameahidi kuja Handeni kumpokea mtoto wa kwanza wa Zaina, amwogeshe, amkande mama yake mpaka arobaini. Kanga za kukubebea alikwishazitenga. Kanga zilikuja, yeye hakuja. Mama yako alikuzaa akiwa analitaja jina lake, na mimi nilikuwa nje ya mlango, nasikia. Sijawahi kulisahau hilo, na siombi nilisahau.

Baba yako hajanilaumu hata siku moja. Hebu niambie, ulipomweleza habari za mpira huu alisema nini?

"Alisema nisiende kwa fundi mwingine. Nenda kwa Rashidi, muulize yeye."

Ehe. Basi hakukutuma kufunga mpira, alikutuma kwenye maneno haya. Sasa nijibu na mimi, na usinicheke. Gari lako linalala wapi, na nyuma anakaa nani?

"Linalala Handeni. Nyuma anakaa mama. Jumamosi nampeleka Vugiri, kwenye hitima ya bibi Mwantumu."

Umesikia ulivyojibu? Basi nimeshapata kazi yangu. Maji yatapita pale yalipowekwa yapite. Ukikasirika, kasirika, mafundi wako wengi mjini na siwezi kukufunga kamba.

Lakini hili lichukue. Kasi sikukatazi, hata mimi niliipenda. Ukikuta kitu usichojua kazi yake, kwenye gari, kwenye nyumba, hata kwenye ndoa yako utakapooa, usikitoe mpaka umejua kinamlinda nani. Usimuulize mwenye usukani peke yake, geuza shingo umuulize na aliyekaa nyuma. Na siku utakayogundua umekosea, fungua boneti palepale, watu wakikutazama, ukiwa na nguo yako nzuri. Nguo inafuliwa.

Haya, nenda. Ukifika kwenye hitima, nisomee bibi Fatiha na mimi, umwambie Rashidi ameuliza. Mungu akushushe mlima ule salama, wewe na mama yako, akupe mke na watoto wa kukijaza kiti cha nyuma, na asikuonjeshe kamwe majuto ninayokaa nayo mimi.