Alama za Kucha Chini ya Mtumbwi

Swali lililoninyima usingizi tangu ujana wangu ni jepesi kulitamka: picha iliyoko nyuma ya altare, kanisani Ifakara, ni kazi yangu au si kazi yangu? Sasa nimestaafu, na vijana wa shule wameniomba niandike jinsi ufundi ulivyofanywa zamani za Wajerumani. Nimejaribu kuanza na habari za kazi nyingine, nikashindwa. Kila nikishika kalamu narudi kwenye ukuta ule.

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno kwa kuogopa kuchelewa. Halafu nikajificha nyuma ya tanuri la matofali, nikiogopa kuonekana ninajipendekeza. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni juzi tu. Nilijua kusoma, kuandika, kupima kwa rula na kuchora. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyovifuata imeanza kulegea, na kanisa lililoungua limejengwa upya kwa matofali. Ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa bado mtupu.

Mkubwa wetu tulimwita Bruda Fundi. Bruda ni mtawa asiye padri, na huyu alisimamia useremala na uashi wote wa misheni. Alinikuta pale nyuma ya tanuri.

"Wewe ndiye mwanafunzi anayechora?"

"Nadhani ndiye, Bruda."

"Unadhani? Nenda ukahakikishe, kisha urudi."

Nilikwenda. Nilifika mpaka kisimani ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananitania, nami sikujua nirudi na jibu gani.

Padri Mkuu alitaka picha ya mitume wakivuta wavu uliojaa samaki. Bruda Fundi alinipa picha ndogo kutoka kwenye kitabu, akanifundisha kuikuza kwa miraba: unaigawa picha kwa mistari kama wavu, unachora miraba mikubwa ukutani idadi ileile, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja kwa mkaa. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili, nikifuta na kurudia. Nilipomaliza, aliitwa Mzee Lipangile, Mndamba mchonga mitumbwi, aje aone. Yeye ndiye angetuchongea mbao za kuzunguka picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Mtumbwi wa mitume."

"Huu si mtumbwi, mjukuu wangu, ni kitanda. Ukiingia nao mtoni, kiboko atakufa kwa kucheka."

Akachukua mkaa mkononi mwangu, akauchora upya kwa mstari mmoja mrefu. Ulikuwa mtumbwi wa Kilombero kabisa. Nami nilibaki nimesimama, sijui nishukuru au nione aibu. Mwishowe niliupitisha mkaa wangu juu ya mstari wake, ili angalau uwe wetu wote wawili.

Rangi za Ulaya hazikuwapo za kutosha ukuta mzima. Ndipo Bruda Fundi alipomwita Mama Matimba, mfinyanzi mjane, ambaye mumewe alikwenda na wapiganaji kulivamia boma la Mahenge wala hakurudi. Yeye alikuja na wanawake wenzake wawili. Walikanda udongo wa mtoni na makapi ya mpunga ili usipasuke ukikauka, wakaubandika juu ya mistari yangu. Wakautokeza kwa vidole hadi samaki, mikono na nyuso zikatoka ukutani kama vitu vya kushikika. Kisha wakapaka ngeu, yaani udongo mwekundu, pamoja na chokaa na masizi. Kazi ilichukua msimu mzima wa kiangazi. Mimi nilisimama chini ya jukwaa na picha yangu ya kitabu, nikisema hapa pamezidi, pale pamepungua.

"Mwalimu," Mama Matimba aliniambia siku moja, naye alipenda kuniita hivyo ili wenzake wacheke, "huo mkono wa Petro uliouchora hapa ukutani una vidole sita."

Nilihesabu. Ilikuwa kweli.

Ilipobaki siku mbili kanisa lifunguliwe, niliachwa peke yangu kumalizia lipu. Nilipokuwa nimepiga magoti, niliona chini ya mtumbwi vijishimo vyembamba vilivyopinda, vitatu vitatu, katika makundi matatu. Nilidhani udongo umeanza kuachia. Nikachanganya chokaa, nikaviziba vyote, nikalainisha kwa kitambaa chenye maji. Kisha nikarudi nyuma hatua kumi nitazame. Picha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, kifua kikanijaa. Papo hapo nikaanza kutafuta ni wapi hasa mimi nilipo. Mistari yangu yote ilikuwa imefunikwa. Sikuona hata mmoja.

Kisha niliona jambo lingine. Mtume wa mwisho, aliyeshika kasia, alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Katika picha ya kitabu hapakuwa na kovu.

Siku hiyohiyo Padri Mkuu alituita. Bwana Shauri, mkubwa wa serikali katika boma la Mahenge, angekuja kwenye ufunguzi. Alikuwa anatafuta kijana wa kuchora ramani, na angependa kumwona fundi wa picha hii. Padri Mkuu alinitazama mimi.

Nilimfuata Mama Matimba hadi kwake. Nilimkuta akipanga vyungu juu ya kuni.

"Mama, akiuliza nani amefanya kazi, nitakutaja wewe."

"Ili iweje?"

"Ili... ni haki yako."

"Jina langu likiandikwa kwenye kitabu cha boma, kesho watauliza mume wangu yuko wapi. Keshokutwa watamtazama yule mwenye kasia, walijue kovu lake." Aliweka chungu kingine. "Waambie ni wewe. Mimi alama yangu nimeshaiweka."

"Alama gani?"

Akageuza chungu, akanionyesha kitako. Kulikuwa na alama tatu za ukucha uliobonyezwa.

"Tunachoma vyungu vyetu pamoja, moto mmoja. Kila mmoja ana ukucha wake, ili vikitoka ijulikane kipi cha nani. Pale chini ya mtumbwi tumeweka sote watatu. Wewe uliyesoma hukuona?"

Nilisema nimeona. Hilo halikuwa uongo. Lakini sikusema nilichokifanya, na mpaka leo sielewi kwa nini ulimi ulikataa. Labda nilifikiri nitavifungua vile vijishimo kesho yake. Kesho yake walikuwa wanatandika mikeka na kupamba altare, nikaona nitachafua. Au nilijidanganya hivyo.

Bwana Shauri alisimama mbele ya picha akiwa ameshika kofia.

"Nani amefanya hii?"

Niliwaza majibu kama sita, kila moja likimdhuru mtu.

"Mimi, Bwana."

"Na huyu mwenye kovu?"

"Mtume Andrea, Bwana."

"Kitabu gani kinasema Andrea alikuwa na kovu?"

"Alikuwa mvuvi, Bwana. Ndoana."

Akacheka, na Padri Mkuu akacheka. Upande wa wanawake Mama Matimba alikuwa ameinamisha kichwa. Watu walinipigia makofi. Nilifurahi, nakiri nilifurahi kabisa, na wakati uleule nilikwepa kutazama upande ule wa wanawake.

Hapo ndipo zilipotoka kazi zangu zote zilizofuata. Nilichora ramani Mahenge chini ya Bwana Mpima, mtu mkali aliyekuwa akisema mstari usio na uhakika ni afadhali usiwepo. Walipoondoka Wajerumani nikawachorea Waingereza, barabara za Sanje, kisha mashamba ya Idete. Kila nilipopelekwa, barua iliyonitangulia ilisema: huyu ndiye aliyefanya picha ya Ifakara. Nikiwa Sanje nilipata habari kwamba Mama Matimba amefariki. Nilikuwa sijamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimwibia au nilimlinda. Kwa kusema "mimi" nilimlinda, na yeye mwenyewe aliniagiza. Kwa kuziba zile alama nilimfuta, ingawa sikukusudia. Nikijumlisha hayo mawili sipati jibu. Siku nyingine hujiona mwizi, siku nyingine hujiona mtu mwema, na siku zilizo nyingi hujiona yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Juma lililopita mwalimu wa dini wa parokia alinijia. Wanataka kuweka ubao chini ya picha, waandike juu yake jina la fundi.

"Babu, tuandike jina lako lote?"

Nilimwambia nitampa jibu asubuhi, baada ya misa. Kesho yake, watu walipotoka misani, nilipiga magoti chini ya mtumbwi, nikatoa kisu cha kuchongea penseli, nikaanza kukwangua chokaa niliyoibandika mwenyewe.

"Babu! Unaharibu ukuta!"

"Hapana, baba. Natoa nilichokiharibu."

Alama ya kwanza ilifunguka, nyembamba kama mwezi mchanga. Ya pili, ya tatu. Nilipuliza vumbi. Ndani kabisa ya kile kijishimo palikuwa na weusi, nami nikagusa kwa kidole, kikatoka na mkaa. Mwenye ukucha ule alikuwa ameubonyeza mpaka kwenye mstari wa mtumbwi, ule aliouchora Mzee Lipangile nami nikapita juu yake.

Mwalimu alichuchumaa kando yangu.

"Hizi ni nini?"

"Majina ya mafundi," nilimwambia. "Ubao hauhitajiki. Kaniletee maji na kitambaa, bado yapo makundi mawili."