Siku Arobaini Kwenye Pasipoti

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa tangu hapo nimelala katika miji mingi. Mimi na bibi yangu tuliondoka Kariakoo alfajiri, tukabadilisha ndege mara mbili, tukasinzia kwenye viti vya chuma, na tuliposhuka Ulaya miguu ya Bibi ilikuwa imevimba. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na vijana wengi wa Bongo tuliota kuzamia: unakwenda kama mgeni, unapotelea huko huko. Bibi hakujua mpango wangu, au ndivyo nilivyodhani. Yeye, muuza viungo sokoni, alikuwa anakwenda kumlea shangazi yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza.

Ndani ya ndege nilimfundisha. "Bibi, wakikuuliza, sema utakaa wiki mbili. Wajanja wanasema hawa hawapendi muda mrefu."

"Mzazi analelewa wiki mbili? Kwani nakwenda kununua vitenge?"

Kwenye dirisha la uhamiaji aliitwa mkalimani, dada wa Mombasa. Akamwamkia Bibi shikamoo.

"Marahaba. Afadhali, yupo aliyelelewa."

Nikatangulia mimi. Nikasema ni mfanyabiashara, nina maduka mawili, nitakaa wiki mbili. Kisha Bibi.

"Arobaini ya mzazi ikitimia naondoka. Viungo vyangu havijiuzi." Akafungua begi: kanga kuukuu za kumbebea mtoto, mafuta ya nazi, pilipili manga ya uji. Afisa, mama wa makamo, akainusa ile pilipili, akapiga chafya, akacheka, akamgongea muhuri. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe umesema wiki mbili. Sasa huyu bibi atarudi na nani?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale dirishani. Nikaambiwa nikae kwenye benchi, huenda nikarudishwa.

Bibi, aliyekwisha kuruhusiwa, akaja akakaa kando yangu, akavua viatu.

"Nenda, Bibi. Shangazi anasubiri."

"Nimekuja na mtu, natoka na mtu. Saidi, unaona haya kuuza viatu vya mitumba Mchikichini? Na hiyo ya kuzamia nilikusikia ukimnong'oneza mwenzio. Nina uzee, sina uziwi. Nenda kaseme kweli."

Nikaenda. Nikasema nauza viatu, sina duka, nimemsindikiza Bibi na nitarudi naye. Hilo la mwisho nililisema taratibu, maana nikishalitamka ni ahadi. Afisa akaandika kwa mkono kwenye pasipoti yangu: siku arobaini.

Siku zilipotimia, jamaa mmoja aliniletea habari ya kazi ya kuosha vyombo hotelini. Shangazi naye analia: "Mama, kaa japo mwezi mmoja."

Bibi alikuwa anafunga begi. "Yule mama nilimwambia arobaini. Nikimdanganya mimi, bibi mwingine akija na kanga zake ataaminiwa na nani?"

Kisha akanigeukia mimi. Aliniachia tu mkono mmoja wa begi. Nikaushika.

Dunia ni pana, mwanangu, itembee kama nilivyoitembea mimi. Lakini mpakani taja kazi yako na siku zako kama zilivyo, na zikitimia, ondoka. Nyuma yako kuna foleni ya watu wa kwenu. Mungu akufungulie milango, na kila utakapotoka waliobaki watamani urudi.

Mimi nchi ile niliiaga siku ile tulipobeba begi, na sijairudia. Ila najua mtu wa kwetu akifika pale dirishani, Bibi alishamtangulia.