Shosho Aliyebaki Nje ya Pango

Mwezi uliopita kijana wa pikipiki alinishusha ukingoni mwa shimo la volkano la Menengai, akaniambia, "Mathe, hapa ndio mwisho. Pango liko huko chini, fuata tu hao watu." Nilitaka kumjibu kwamba njia hiyo naijua tangu sijang'oka meno ya utoto. Lakini upepo uliniletea harufu ya vichaka vya leleshwa, ile harufu kali inayofungua kifua, nikasimama nikiivuta. Ungekuwa nami, rafiki yangu, ungeelewa.

Zamani tulitoka kijijini kwetu Bahati kwa miguu. Nilikuwa nikiishi na shosho, mama yake baba yangu, na kila likizo ya Agosti tulifuatana na akina mama wa kanisa letu kwenda kuomba pangoni. Baridi ilipasua midomo, na umande wa mashamba ya mahindi ulitulowesha hadi magotini. Wakubwa walikuwa wamefunga, hata chai hawakuionja. Sisi watoto tulipewa viazi vitamu, tukavila tukitembea. Jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya ajabu, ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kadiri mlima ulivyozidi kuwa mkali ndivyo alivyozidi kuipandisha sauti. Sijui pumzi alizitoa wapi. Kisha bonde lote la Menengai lilifunguka mbele yetu, mawe meusi na mvuke ukitoka kwenye nyufa, tukashuka mmoja mmoja tukishikilia vichaka.

Pango lilikuwa refu kuliko kanisa letu. Dari ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya watu walioomba humo kabla sijazaliwa. Wazee walituambia kwamba wapiganaji wa msituni walijificha humo wakati wa vita vya uhuru. Akina mama waliingia wakiimba, lakini shosho hakuingia. Kila mwaka alitandika leso yake juu ya jiwe hapo mlangoni, akaomba akiwa ameelekea jua.

"Mama, hata leo?" jirani alimuuliza.

"Ingieni tu. Mungu ananisikia hata nikiwa hapa."

Nilipokuwa darasa la tatu, magoti ya shosho yalikuwa yakimuuma sana. Nyuma kabisa ya pango kulikuwa na maji yaliyodondoka mwambani, na watu walisema yanaponya. Nikaamua kumletea. Nilichukua kikombe cha bati na mshumaa, nikawaacha akina mama wakiomba, nikaifuata ile sauti ya matone. Nilipita mahali pembamba, nikakata kona, nikakata nyingine. Nilipoinama kukinga maji, tone moja liliangukia mshumaa wangu, ukazimika.

Sikuuona hata mkono wangu. Nililia kwa nguvu, na pango likakirudisha kilio changu kutoka pande zote. Akina mama walisikia lakini hawakujua nilipo. Wengine walianza kupiga mayowe, wengine wakagongana wakinitafuta. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia humo ndani.

"Nyamazeni nyote!"

Mayowe yakakoma.

"Mtoto wangu, kaa chini. Usisonge. Nakuja."

Nilikaa. Nilisikia kiganja kikipapasa mwamba polepole, kikija upande wangu. Hakuwa na mshumaa. Mkono wake ulishuka kichwani mwangu, ukanipapasa uso, ukanishika bega.

"Shika nguo yangu. Hapa inama. Haya, sasa simama."

Hatukugonga hata jiwe moja. Tulipotokea juani, akina mama walikuwa wamemkodolea macho. Shosho aliketi juu ya leso yake, akasema jambo ambalo hata baba yangu hakuwahi kulisikia.

Wakati wa vita, alipokuwa msichana, kaka yake alikuwa ndani ya pango hilo pamoja na wenzake. Yeye ndiye aliyewapelekea chakula. Alitembea gizani, bila taa, kwa sababu askari wangeuona mwangaza. Siku moja alifika na chakula chake, akapapasa kila pembe akimwita kaka yake kwa sauti ya chini, akakuta koti lake tu. Kaka hakuonekana tena.

"Nimekuwa nikiogopa," alisema, "kwamba nikiingia nitapapasa tena nikute lile koti."

Jirani alikuwa akilia waziwazi. "Na leo, mama?"

Shosho alinivuta kwake. "Leo nimepapasa nikampata huyu."

Mwaka uliofuata aliingia mbele ya wote, akaimba, na ndipo tulipojua kwamba shosho wangu alikuwa na sauti nzuri kumshinda hata jirani. Aliendelea hivyo hadi miguu ilipokataa kabisa.

Sasa wote wawili wamelala kaburini. Leleshwa nyingi zimekatwa kuwa makaa, na nyimbo nilizozikuta huko mwezi uliopita zilitoka kwenye spika. Vijana waliwasha simu zao, pango lote likang'aa hadi kwenye kona za nyuma. Walinikaribisha vizuri, mmoja akanishika mkono nisiteleze, nami nikamshukuru. Lakini nilipofika pale pembamba niliomba waniache kidogo. Nilifumba macho. Natamani, hata mara moja tu, nitembee tena nyuma ya shosho, nimeshika nguo yake, bila kumuuliza tunaelekea wapi.