Vidole vya Mkulima

Juzi nilipanga foleni ya mbolea ya ruzuku kwenye duka la pembejeo kule Nduruma. Mbele yangu, mama mmoja mzee aliweka kidole gumba kwenye mashine ya kutambua wakulima. Ikamkataa. Akakifuta kwa kanga, akajaribu tena. Ikamkataa.

"Samahani mama, jembe limekula alama za vidole," muuzaji akasema kwa upole. "Pumzika kulima wiki kadhaa, zitarudi."

"Na mvua nayo ipumzike?"

Muuzaji akaita anayefuata. Akaja bwana mmoja wa mjini aliyesimama kati yangu na mama, viganja laini kama vya mtoto. Mashine ikamkubali papo hapo.

Mama akaenda kupanda bila mbolea. Kwa hiyo msomaji, ukitaka mashine ikutambue kuwa mkulima, usiguse jembe.