Televisheni ya Verlyn Haugen

Katika mji wote wa Duluth hakuna aliyechukia televisheni kama Verlyn Haugen. Ya kwao aliibeba mwenyewe akaitupa kwenye theluji, mkewe Lorna akimtazama dirishani. Programu za kompyuta za kununua nazo alizidharau, na waliozitumia aliwaita kondoo. Kompyuta yake ilikuwa ya programu huria tupu, zile za bure ambazo yeyote aweza kuzirekebisha. Kwenye chama cha wenzake wa programu huria, kinachokutana Jumamosi maktabani, mgeni akiuliza swali Verlyn alikuwa na jibu moja: "Soma mwongozo." Watu wazima walitoka pale macho mekundu. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akiusoma.

Basi mama mkwe wake akafa. Lorna akamletea picha ya marehemu amevaa koti jekundu kando ya ziwa lililoganda, picha pekee aliyopigwa akicheka. Alitaka ichapishwe kubwa, isimame kanisani siku ya mazishi.

Verlyn akaifungua kwenye skrini aliyoiokota majuzi kwenye duka la mitumba. Koti lilikuwa limepauka, na viatu vyeusi vilikuwa rangi ya majivu.

"Aliyepiga hii alikuwa kipofu," alisema.

"Niliipiga mimi."

"Ndiyo maana."

Akaikoleza, akaitia giza, akaikoleza tena mpaka akaridhika, kisha akaihifadhi juu ya ile ile ya mwanzo. Kuweka nakala ya akiba alikuwa akiwahubiria wengine. Ilipotoka kwenye printa ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Akalaumu wino, akalaumu karatasi, mwisho akaizaba printa kofi. Nyani haoni kundule.

Jumamosi akabeba kompyuta na skrini mpaka maktabani, akawaonyeshe wenzake jinsi watengenezaji wa printa walivyo wezi. Ray Tuominen, mwanachama mwenzake wa siku nyingi, hakuitazama karatasi. Aliinamia skrini.

"Verlyn, bwana, mbona nyeusi yako kijivu?"

"Skrini haina neno! Ubovu uko kwenye printa."

"Soma mwongozo," Ray akamwambia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Akaenda nyumbani akausoma, mlango ameufunga. Jibu lilikuwamo, limeandikwa wazi. Kompyuta ilidhani ile skrini ni televisheni, na televisheni hupelekewa rangi zilizobanwa, nyeusi ikipandishwa kidogo na nyeupe ikishushwa. Basi ikawa inazibana. Ndani ya nyumba ya mtu huyu, mashine yake ilikuwa ikihudumia televisheni wiki nzima. Mstari mmoja wa amri aliouandika ukatosha, nyeusi ikawa nyeusi. Kusema kweli, nilipopata habari hiyo nilifurahi sana.

Ndipo akaifungua tena ile picha. Hapakuwa na koti wala ziwa. Ilikuwa giza na meno.

Akamfuata Lorna jikoni, alikokuwa akichanganya makaroni ya msibani.

"Lorna, ile picha ya mama... nimeiharibu. Na nyingine sina."

Lorna hakuacha kukoroga. "Ipo kwa dada Doreen. Nilimtumia kabla sijakuletea wewe. Keshaichapisha dukani, koti jekundu kabisa."

"Sasa kwa nini uliniletea mimi?"

"Nisingekuletea, ungenuna mpaka tunazika. Nakujua, mume wangu. Haya, shika bakuli hili upeleke kwenye gari, na usiligeuzegeuze."